Kilengeo Kisicholala

Simu ilipigwa nikiwa namenya viazi, na kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Ilipolia mara ya pili nikajua ni msiba. Mtu wa umri wangu hapigiwi simu mara mbili kwa jambo la heri. Aliyepiga alikuwa mwanamke, akajitambulisha kuwa ni Atupele, binti wa Tusekile wa Ilomba, Mbeya. Akasema mama yake amefariki juzi, na mazishi ni kesho saa nane. Nikasema pole. Tusekile na mimi tulikuwa hatujasemezana kwa miaka hamsini na ushei. Nilidhani atakata simu. Badala yake akasema maneno mawili yaliyonifanya nitafute kiti nikae, kisu bado kikiwa mkononi: "Alisema ujulishwe."

Nilifurahi. Najua si neno la kutamkwa kwenye msiba, lakini nimezeeka mno kuanza kujidanganya. Nilifurahi kwa sababu nilidhani nimesamehewa. Mwanamke ambaye hakutaka hata kusikia jina langu tangu nikiwa kijana, siku zake za mwisho kitandani alinikumbuka na kuagiza niitwe. Nikaviacha viazi kwenye maji, nikatoa koti jeusi sandukuni, na alfajiri nikapanda basi pale Iringa. Njia nzima, Mafinga, Makambako, Igawa, nilikuwa napanga maneno ya kusema. Kijana aliyeketi karibu nami aliniuliza kama naumwa, kwa vile midomo ilikuwa inacheza. Nikamwambia nasali. Uongo huo nao ukaingia kwenye hesabu ya siku hiyo.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa kabla ya uhuru, nikiwa na miaka ishirini na minne, fundi kamili kwa maoni yangu mwenyewe. Nilifanya kazi kwa Mzee Salehe, fundi wa bunduki, katika chumba kimoja pale Miyomboni mjini Iringa. Chumba kilikuwa na dirisha moja la kutazama barabara, meza ya mninga iliyoliwa na tupa, jiliwa la kubania vyuma, na jiko la mkaa kwenye kona. Nguo zetu, mikeka yetu, hata ugali wetu, vyote vilinuka mafuta ya bunduki. Mzee Salehe alikuwa mtu wa asili ya pwani, wazee wake walitoka Kilwa, na ujanani alijifunza kazi katika boma la Wajerumani. Tupa ikimteleza alitukana Kijerumani, halafu akasema astaghfirullah kwa Kiarabu. Wateja wetu wengi walikuwa wawindaji wa Kihehe na magobore yao, yale ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Bunduki za kizungu zilikuja mara chache, kutoka mashamba ya Mufindi na Mbeya, na siku hizo chai ilisahauliwa mpaka ikaota ngozi.

Mzee Salehe aliweza kusoma bunduki kama wengine wanavyosoma barua. Alikuwa akisema Mwingereza akienda kuwinda ana mtu wa kumbebea bunduki ya pili, ndiyo maana fundi wake humtengenezea bunduki mbili zinazofanana, nyepesi, zisizo na mambo mengi. Mjerumani wa msituni hana wa kumbebea. Anatoka peke yake asubuhi, hajui kama atakutana na ndege, sungura au nguruwe, kwa hiyo fundi wake amemwekea kila kitu katika chuma kimoja. Bunduki ya namna hiyo waliiita drilingi, na sisi tuliita mitutu mitatu: miwili juu ya marisau, yaani zile chembe za kupigia ndege, na mmoja chini yake wa risasi nzito. Vifyatulio viwili tu viliendesha mitutu yote hiyo mitatu. Nyuma ya mitutu palikuwa na swichi ndogo ya kusukuma kwa kidole gumba. Ikiwa nyuma, kifyatulio cha mbele kinatoa marisau. Ukiisukuma mbele, kifyatulio hichohicho kinatoa risasi, na papo hapo juu ya mitutu kinainuka kijibati kidogo kama ukucha. Hicho ndicho kilengeo. Ukirudisha swichi, kinalala. Siku tulipopata drilingi ya kwanza, Mzee Salehe alikiinua na kukilaza mara kumi mbele yangu. Alisema fundi aliyebuni kitu hiki aliijua hofu. Mwenye hofu hakumbuki kidole chake kilifanya nini asubuhi, ila macho anayo. Kimesimama, una risasi. Kimelala, una marisau. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwaka mzima kabla ya kuyahitaji, kwa hiyo nisitafutiwe udhuru.

Jambo moja tu Mzee Salehe hakunifundisha. Kupika kamani, yaani springi. Kamani za bunduki hufuliwa kwa chuma kigumu, huchovywa zikiwa nyekundu, kisha hurudishwa motoni kidogo ili zipate kujipinda bila kuvunjika, na huko kurudishwa motoni ndiko alikofanya peke yake, mlango umefungwa. Mafundi wa zamani walikuwa hivyo, kila mmoja alibaki na siri moja ya kumfanya ahitajiwe mpaka afe. Nilisikia mafuta yakichemka ndani, nilinusa moshi, nililetewa kamani ikiwa na rangi ya samawati, basi. Iliniuma. Nilijiambia jambo lenyewe haliwezi kuwa kubwa kiasi hicho.

Mvua zilipokaribia kwisha, Mzee Salehe alipata habari kwamba dada yake amefariki Kilwa, akaenda kuzika na kugawa mirathi. Alinikabidhi ufunguo na kuniambia nipokee magobore tu. Wiki moja baadaye, lori la Mbeya likamshusha Asajile mlangoni kwetu, amebeba drilingi iliyoviringishwa kwenye blanketi na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, rika langu, mrefu, na alicheka kabla ya kumaliza alichotaka kusema. Alikuwa mwindaji wa shamba la kahawa na mahindi lililopakana na bonde la Usangu. Mwenye shamba, mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kikohozi kwa sababu kikohozi kilikuwa dalili ya kufika kwake, aliipata bunduki hiyo pamoja na nyumba Wajerumani walipoondolewa wakati wa vita. Alimpa Asajile alinde nayo mashamba dhidi ya nguruwe na kuwapatia wafanyakazi kitoweo. Ningemwambia asubiri mwenye kazi arudi. Badala yake nilifungua blanketi.

Sijawahi tena kushika kitu kizuri namna ile. Kitako kilikuwa cha mbao ya Ujerumani, nyeusi yenye mistari, na upande mmoja wamechonga mto wa kuegemezea shavu. Kinga ya vifyatulio haikuwa chuma bali pembe ya nyati, ili kidole kisigande kwa baridi. Ubavuni walichora nguruwe mwitu na mnyama mwenye matawi kichwani, na Asajile akaniapia kuwa kwao hakuna mnyama wa hivyo, labda Wajerumani waliwala wote. Ubovu wake ulikuwa mdogo: kamani ya kilengeo ilikuwa imekatika. Swichi ikisukumwa, kijibati hakikuinuka, kinalegealegea tu. Nikamwambia siku tatu.

Tulikaa siku kumi na mbili. Asajile alilala kwenye mkeka wangu, akapika ndizi zake kwa nyama kavu, nikampikia ugali na mlenda, na jioni tulikunywa ulanzi nyuma ya nyumba ili majirani Waislamu wasituone. Alizungumza habari za Tusekile mkewe, mwenye mimba ya kwanza, ambaye alikuwa akimtania kwamba anaipenda bunduki ya mzungu kuliko yeye. Alikuwa akinitazama nikikata kamani kutoka kwenye saa mbovu ya ukutani, nikiipinda, nikiipasha, nikiichovya. Ya kwanza ilivunjika nikiifunga. Ya pili ilivunjika usiku ikiwa imelala mezani, peke yake, tukaisikia ikisema ti. Ya tatu ilifanya kazi mara nne, nikamwita Asajile aone, na mara ya tano ikakatika mbele yake. Leo najua niliiondoa motoni ingali ya njano, kabla haijafika samawati. Wakati ule nilijua tu kwamba lori litaondoka kesho na Bwana Kikohozi ameshatuma ujumbe kuuliza bunduki yake iko wapi.

Aliyelitoa wazo ni Asajile mwenyewe, na nimeitumia hoja hiyo miaka mingi kujitetea mbele ya nafsi yangu.

"Ndugu yangu, gobore la baba lina kilengeo kimoja, kimesimama tangu lilipozaliwa," alisema. "Halijawahi kukilaza, na nyama tumekula. Wewe kisimamishe tu."

Nilimuuliza kama atakumbuka swichi. Akasema kidole gumba hakisahau. Ndivyo sisi watu wa magobore tulivyofikiri: kilengeo ni cha kulengea, na kikiwa wima kazi yake imekwisha. Mtu aliyekulia kwenye drilingi asingekubali, angeona ni sawa na kumng'oa mbwa ulimi. Nikawasha mkaa, nikayeyusha lehemu, nikakibandika kile kijibati wima, nikakipiga tupa mpaka mshono usionekane. Mkono wangu ulikuwa mzuri sana kwa tupa. Asajile alikiangalia, akaweka bunduki begani, akasema sasa inamtazama mnyama vizuri. Akaniachia mkungu uliobaki na kupanda lori.

Miezi minne baadaye lori lilelile lilirudisha bunduki bila Asajile. Mzee Salehe alikuwa amesharudi. Dereva alisimama mlangoni, hakutaka kukaa, akatueleza. Asubuhi Asajile aliwapiga kanga wawili kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Saa sita mchana akawa anazunguka ua wa mahindi na mwenzake mmoja, na nyati majeruhi akatokea kwenye matete, hatua chache tu. Mwenzake alipanda mti. Alisema alimwona Asajile akiinua bunduki, akitulia, akilenga sawasawa, halafu bunduki ikalia ile sauti nyembamba ya marisau ya kupigia kanga. Nyati hakusimama. Dereva akatukabidhi barua ya Bwana Kikohozi, iliyosema mwindaji wake alipoteza akili kwa woga akafyatua marisau, kitako kimevunjika, wenzo wa kufungulia umepinda hata bunduki haifunguki, tafadhali itengenezwe.

Mzee Salehe aliifungua kwa taratibu mno, mitutu akiielekeza ukutani. Mtutu wa kulia ulikuwa na ganda lililopigwa. Wa kushoto ulikuwa na marisau mazima. Wa chini ulikuwa na risasi nzito, inang'aa, haijaguswa. Akatazama swichi: ilikuwa nyuma, mahali ilipoachwa tangu wale kanga wa asubuhi. Akatazama juu ya mitutu. Kilengeo kilikuwa kimesimama. Nyati alivunja kitako, akapinda chuma, akamuua mtu, lakini kazi yangu haikutikisika. Mzee Salehe alipitisha ukucha kwenye mshono, akauliza nani alikilehemu. Nikasema mimi. Hakunitukana kwa Kijerumani wala kwa Kiswahili. Alisema, "Alikitazama, Agustino. Alifanya kama inavyotakiwa." Kisha akafunga mlango, nikabaki nje. Kabla ya adhuhuri kamani mpya ilikuwa ndani, na kilengeo kikawa kinainuka na kulala kama siku kilipotoka Ujerumani. Wiki iliyofuata tukaweka kitako cha mninga. Alinikataza kusema neno. Bunduki imetoka kwetu nzima, alisema, na serikali ikisikia tutafungwa sote na leseni itakwenda. Ushahidi pekee uliokuwepo duniani alikuwa ameuyeyusha kwenye kijiko cha lehemu.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa mwoga wa kawaida. Lakini nilikwenda Mbeya. Nilijiambia nakwenda kuhani. Katika hoteli karibu na stendi, nikisubiri uji, niliwasikia vibarua wawili wa lile shamba wakisimulia. Asajile walishampa jina, Mzee Kanga. Walikuwa wakiigiza, mmoja nyati, mwingine Mzee Kanga akilenga, na meza nzima inacheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kusikiliza. Mmoja akasema kaka za marehemu wamekataa kumwekea mtoto wake lile gobore la ukoo, maana damu ya woga hairithishwi silaha. Uji ulikuja sikuunywa.

Tusekile nilimkuta Ilomba, nyakati hizo mahindi matupu na nyumba chache, katika chumba cha nyuma kwa shemeji yake. Atupele alikuwa na majuma matatu, amelala kwenye ungo uliotandikwa kanga. Chumba kilikuwa safi kiasi cha kuumiza. Hapakuwa na kitu isipokuwa kitanda, chungu, na koti la Asajile ukutani. Alinipakulia ndizi na maharage kabla hajaniuliza habari, akakaa kunitazama nikila. Nilipomaliza nilimwambia yote: kamani tatu, lehemu, swichi, risasi ya chini iliyokuwa haijaguswa. Hakulia. Nikaanza kumwambia tena tangu mwanzo, akaniinulia mkono.

"Mimi nilijua hakuogopa," alisema. "Sikuhitaji wewe utoke Iringa uniambie. Wa kuambiwa ni wale wanaocheka. Kesho Jumapili. Ibada ikiisha huwa wanauliza kama kuna mgeni mwenye neno. Utasimama useme."

Nikasema nitasimama. Nilimaanisha, au nadhani nilimaanisha. Alinitandikia kwa shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu niingie uso wake ulilegea, hata akanionyesha vidole vya mtoto, virefu kama vya baba yake. Kulipopambazuka nilitoka kama mtu anayekwenda kunawa, nikaenda hadi barabarani, nikapanda lori la kwanza. Nilijipa sababu kumi. Nilimfikiria Mzee Salehe gerezani, uzee wake, mkewe. Nilifikiri bila ushahidi hawataniamini. Zote zilikuwa kweli, na hakuna iliyonipandisha lori. Niliogopa macho ya watu, yule mwoga waliyekuwa wakimcheka hotelini alikuwa mimi. Yule dereva aliyetuletea bunduki ndiye aliyenieleza baadaye yaliyotokea. Tusekile alikaa kiti cha mbele na mtoto wake, baada ya kumwarifu mchungaji mapema. Ibada ilipoisha mchungaji akasema mgeni wa Tusekile asimame. Watu wakageuza shingo. Mchungaji akarudia. Mtu mmoja nyuma akalia kama kanga.

Nilimwandikia barua, zikarudi. Niliwahi kumwona sokoni Mwanjelwa miaka ya baadaye, akanipita kama unavyopita nguzo. Nikaoa, nikafiwa, nikaacha bunduki nikatengeneza mashine za kusaga. Sikuwahi kupika kamani ya samawati.

Pale Ilomba leo ni mji kamili, nyumba imegusa nyumba, na kaburi lilichimbwa mahali ambapo majeneza hushushwa kwa zamu. Watu walikuwa wengi, karibu wote vijana kwangu. Mchungaji, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, akauliza kama kuna mgeni mwenye neno. Nikasimama. Nikasema yote kwa sauti: jina la Asajile, bunduki ya mitutu mitatu, kilengeo, mkono wangu, na ile Jumapili. Nilisema Asajile hakuwa mwoga, alilenga kama mwanamume, mimi ndiye niliyemdanganya macho. Nilitafuta kati ya nyuso wale waliocheka zamani. Walinisikiliza kwa adabu, kama mzee anavyosikilizwa. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake drilingi ni nini. Mchungaji akanishukuru kwa historia nzuri, akasema mvua inakaribia.

Jeneza liliposhushwa watu wakajipanga kutupa udongo, na zamu yangu ilipofika nikainama kwenye lundo, nikachota udongo kwa mkono wa kulia. Niliona nimelipa, ingawa nimechelewa. Atupele akaja, mama mtu mzima mwenye mvi, akanishika kifundo cha mkono bila nguvu.

"Baba, mama aliagiza," alisema kwa sauti ya chini ili asinifedheheshe. "Alisema utakuja, na safari hii utasema. Alisema tukuache useme, kwa sababu aliokuwa anataka wasikie wamekwisha kufa wote. Alisema upewe kiti, na chakula upakuliwe wa kwanza kama mgeni. Ila udongo usimtupie."

Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akatazama vidole vyake, virefu, akasema yeye hakumjua baba, yeye anafuata agizo. Nikaurudisha udongo kwenye lundo, nikafungua kiganja mpaka chembe ya mwisho ikadondoka. Akaniongoza kwenye turubai, kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa peke yake mbele. Walileta ndizi na maharage. Nikala.